Chungu Tulichokivunja



Katika droo ya meza yangu ya kazi mna kigae kimoja cha chungu. Kina ukubwa wa kiganja cha mtoto na rangi ya kahawia iliyokolea, na moshi wa zamani umekitia weusi upande mmoja. Ni kipande cha kitako cha chungu. Katikati yake pana kibonyeo cha mviringo, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba wakati udongo ungali mbichi. Wengi wenu mmekiona nilipokuwa nikitafuta chaki, na mmoja wenu aliwahi kuniuliza mbele ya darasa kwa nini mwalimu wa Kiswahili anatunza gae la chungu kama anavyotunza cheti chake cha ualimu. Siku ile nilicheka, nikabadilisha mada. Leo nitajibu, ingawa jibu lenyewe ni ungamo kabla ya kuwa somo la uraia.

Kwanza tulitazame neno. Kigae ni kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika. Kikiwa kikubwa huitwa gae. Siku hizi mtu akitaja vigae, wengi hufikiria vile vya kuezekea nyumba au vya kutandika sakafuni, na hawakosei, maana neno limepanuka. Katika insha hii kigae ni kile cha awali: kipande cha kitu kilichokuwa kizima.

Na mimi ndiye niliyekivunja kitu hicho.

Shimo la mnara wa tatu

Nilikuwa na umri wa miaka 19. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na nyumbani hapakuwa na ada ya chuo. Njia ya kusafirisha umeme ilikuwa ikijengwa katika vilima vya kwetu Buddu, na kampuni ya ujenzi ilihitaji vibarua. Mnara wa chuma unaobeba nyaya za msongo mkubwa husimama kwa miguu minne, na kila mguu huchimbiwa shimo lake la kumiminiwa zege. Mashine zilichimba mahali palipofikika. Sisi tulichimba kule ambako hazikuweza kupanda. Tulikuwa vijana sita na mzee mmoja, kila mtu na sururu au beleshi lake, na juu yetu alisimama nyapara mwenye daftari la mahudhurio.

Katika shimo la pili la mnara wa tatu, nilipofika kina cha kifua, udongo ulibadilika. Juu ulikuwa mwekundu kama ardhi yetu yote. Chini ukawa mweusi na mlaini, wenye vipande vya makaa. Kisha sururu ikagusa kitu kilicholia kama kibuyu kitupu. Nilifukua kwa mikono. Palikuwa na vyungu vitatu vimelala karibu karibu. Viwili vilikuwa vimebanwa na udongo hata vikapasuka, na kimoja kilikuwa karibu kizima. Kando yake palikuwa na madonge meusi, mazito, yenye matundu matundu. Mzee yule aliinua donge moja, akalipima uzito mkononi.

"Haya ni mavi ya chuma," alisema. "Hapa paliyeyushwa chuma zamani. Tusimame kwanza, tumwite mwenyekiti wa kijiji aje aone."

Nyapara alikuja, akachungulia shimoni, akatazama saa yake.

"Mzee wangu," alisema kwa heshima kabisa, "mimi nimeagizwa mashimo manne, na leo yawe yamekwisha. Habari za vyungu sikuambiwa." Kisha akaniinamia mimi niliyekuwa chini. "Kijana, endelea."

Nikaendelea. Hakunitisha wala hakunishika mkono. Mzee alikuwa bado amesimama ukingoni na donge lake, akinitazama, na ningeweza kupanda juu nikasimama naye. Nilifikiria ujira wa siku ile na ada ya chuo, nikainua sururu, na chungu kilichokuwa karibu kizima kikawa vipande kwa pigo moja. Tulivizoa pamoja na udongo, tukavimwaga bondeni. Makaa yalitawanyika. Jioni, nilipokuwa nikitoka shimoni, niliona kigae kimoja kimesalia ukingoni, nikakitia mfukoni. Siku mbili baadaye zege lilimiminwa.

Nyumbani nilimwonyesha nyanya yangu, ambaye sisi Waganda humwita jjajja. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Aliweka kisu chini, akakigeuza kigae mara mbili, kisha akatia kidole gumba chake katika kile kibonyeo. Kilienea barabara.

"Na vingine viko wapi?" akaniuliza.

"Vingine viko bondeni, Jjajja, na vingine vitafunikwa na zege."

Alinyamaza kwa muda. "Basi kitunze, mjukuu wangu. Hiki sasa hakina ndugu."

Maswali matatu

Miaka mitatu baadaye nilikuwa mwanachuo wa stashahada ya ualimu. Siku moja nilikwenda Makumbusho ya Uganda, yaliyopo kwenye kilima cha Kitante jijini Kampala, nikiwa nimekifunga kigae changu katika bahasha. Nilimwonyesha mtaalamu mmoja wa kike. Alipoona tu kile kibonyeo alitabasamu, akaniambia kwamba huo ni ufinyanzi wa Urewe.

Urewe ni mahali magharibi mwa Kenya. Vyungu vya aina hii vilielezwa na wataalamu katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1948, na kwa muda vilijulikana kwa vile vibonyeo vya vitakoni kabla ya kupewa jina la mahali hapo. Baadaye vigae vya namna hiyohiyo vimepatikana Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na Kagera huko Tanzania, yaani kulizunguka Ziwa Viktoria na maziwa jirani. Waliovifinyanga walikuwa wakulima, na ni miongoni mwa watu wa kwanza katika eneo hili kuyeyusha chuma. Mzee wetu wa shimoni, ambaye hakusoma akiolojia popote, alikuwa amesema kweli.

Kisha mtaalamu yule akaniuliza maswali matatu. Kilitoka wapi hasa? Kilikuwa kina gani? Kilikuwa pamoja na nini?

Swali la kwanza nilijibu vizuri. La pili nilijibu kwa kujionyesha kifua. La tatu nilianza kulijibu nikaishia njiani, kwa sababu kila nilichokitaja nilikuwa nimekitupa. Alinisikiliza bila kunikemea. "Ni kigae kizuri," alisema, "lakini sasa kinaweza kutuambia kidogo sana."

Nilitaka kujua ni nini hicho ambacho kingeweza kutuambia, naye akanieleza kwa subira. Vyungu vya Urewe vilifinyangwa kuanzia takriban mwaka 500 kabla ya Kristo hadi takriban mwaka 800 baada ya Kristo. Hiyo ni miaka 1,300, yaani vizazi vipatavyo 50. Chungu changu ni cha kizazi kipi kati ya hivyo? Punje chache za makaa yale zingetosha kujibu. Kila kilicho hai hupokea kaboni, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo ni ya mionzi. Mti ukikatwa, kaboni hiyo ya mionzi huanza kupungua kwa kasi inayojulikana: nusu yake hutoweka katika muda wa miaka 5,730 hivi. Maabara hupima iliyosalia na kukadiria mti ulikatwa lini. Makaa hayohayo huonyesha ni miti gani iliyokuwa ikikua pale kilimani. Mavi ya chuma hueleza namna tanuri lilivyofanya kazi. Masalio yaliyoganda ndani ya chungu huweza kueleza watu walipika nini. Hayo yote yanawezekana kwa sharti moja: vitu hivyo vipatikane pamoja, katika tabaka moja, na mtu aandike vilivyokaa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimekuwa nikifundisha methali hiyo darasani kama onyo kwa wafanyabiashara. Tangu siku ile kila nikiitaja huliona shimo langu. Mali ilikuwapo, na daftari pekee lililokuwapo ni lile la mahudhurio.

Udongo ulio ndani ya lugha

Huenda mkauliza, mambo haya yanahusu nini somo letu la Kiswahili? Yanahusu zaidi ya mnavyodhani.

Tazameni kitenzi kuumba. Katika Kiswahili cha leo twasema Mungu ameumba dunia, naye ni Muumba, nasi ni viumbe vyake. Sasa tazameni Kiganda: okubumba ni kufinyanga vyungu, omubumbi ni mfinyanzi, na ebbumba ni udongo wa kufinyangia. Wenzetu wa Rwanda husema kubumba na ibumba. Wanaisimu wanaeleza kwamba maneno haya yote yametoka katika mzizi mmoja wa kale wa lugha za Kibantu uliomaanisha kufinyanga udongo. Kiswahili kiliipoteza ile b ya mwanzo, na maana ikapanda kutoka mikononi mwa mfinyanzi hadi kwa Mwenyezi Mungu. Kadhalika nyungu, ambayo Waswahili huitaja wanapojifukiza kwa mvuke wa majani, ni ndugu wa enyungu ya Wanyankole, na neno chungu ni la ukoo huohuo.

Wataalamu wengi huwahusisha wafinyanzi wa Urewe na wasemaji wa mapema wa lugha za Kibantu katika eneo la Maziwa Makuu. Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kwa maana chungu hakisemi, na hakuna kigae kinachoweza kutuambia lugha ya aliyekifinyanga. Tunachoweza kufanya ni kuulinganisha ushahidi wa maneno na ushahidi wa ardhi. Ushahidi wa maneno tunao vinywani mwetu kila siku na hautuponyoki kwa urahisi. Ule wa ardhi ukivurugwa mara moja, haurudi.

Luzira na Jebel Sahaba

Kosa letu la Buddu halikuwa la kwanza nchini. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika eneo la gereza la Luzira, karibu na Kampala, waliibua vipande vya sanamu za udongo, kikiwamo kichwa cha mtu chenye sura ambayo ukiiona mara moja huisahau. Kichwa cha Luzira kimo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Kwa kuwa waliokifukua hawakuwa wakitafuta historia, kwa miongo mingi hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kilikuwa cha wakati gani. Watafiti walirudi kuvichunguza vigae vilivyopatikana pamoja nacho, na mwaka 2008, karibu miaka 80 baada ya ugunduzi, walichapisha makala yaliyokiweka karibu na mwisho wa milenia ya kwanza baada ya Kristo. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu mtu fulani mwaka 1929 hakuvitupa vigae vya kawaida vilivyokuwa kando ya kichwa.

Sasa sikilizeni mfano wa upande wa pili, nao ni wa Mto Naili huuhuu unaoanzia Jinja. Misri ilipoamua kujenga Bwawa Kuu la Aswan kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, ilijulikana mapema kwamba bonde la Nubia lingezama. Mwaka 1960 UNESCO iliuomba ulimwengu usaidie, na watu wengi wanakumbuka jinsi mahekalu ya Abu Simbel yalivyokatwa vipande na kujengwa upya juu zaidi kati ya mwaka 1964 na 1968. Wachache wanajua kwamba wakati huohuo wanaakiolojia walikuwa wakitafuta pia mambo yasiyo na mahekalu wala maandishi. Mahali paitwapo Jebel Sahaba, kaskazini mwa Sudan, walifukua makaburi yenye mifupa ya watu 61 walioishi zaidi ya miaka 13,000 iliyopita. Wengi wao walikuwa na majeraha, na ncha za silaha za mawe zilipatikana miongoni mwa mifupa yao, nyingine zikiwa zimechoma mfupa wenyewe. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa watu kushambuliana kwa makundi. Leo mahali pale pamefunikwa na maji ya ziwa. Kama wachimbaji hawangetangulia, tungepata umeme wa Aswan vilevile, ila tusingejua kwamba watu wale waliwahi kuishi na kuuawa.

Darasa ukingoni mwa shimo

Miaka michache iliyopita, njia nyingine ya umeme ilipangwa kupita karibu na shule nilikofundisha kabla ya kuja hapa. Safari hii wanaakiolojia walitangulia. Niliomba ruhusa, nikawapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakatazame.

Kwanza walitembea. Watu wanne walijipanga bega kwa bega, mita chache kati yao, wakaufuata mstari wa vigingi vya wapimaji huku wameinamisha vichwa kama waliopoteza sindano. Mahali palipoonyesha dalili walichimba shimo la majaribio, lenye upana wa mita moja kila upande. Hawakutumia sururu. Walikwangua kwa mwiko wa mwashi, sentimita 10 kwa 10, na kila ndoo ya udongo ilipitishwa kwenye chekeche. Kila walichokipata kilitiwa katika mfuko wake, na juu ya mfuko yakaandikwa majibu ya maswali yale matatu: wapi, kina gani, pamoja na nini. Nilisimama pale nikiusoma mwandiko wa mifuko ile, na naungama kwamba macho yalinilowa.

Hawakupata chungu. Walipata vibanzi vya jiwe jeupe, ambavyo wanafunzi waliviita kokoto hadi mtaalamu alipowafundisha kuvitazama. Kibanzi kilichobanduliwa na mtu kina ukingo mkali, na karibu na mahali palipopigwa pana uvimbe mdogo unaosikika ukipapasa kwa kidole. Yalikuwa mabaki ya kazi ya watu wa Enzi ya Mawe, walioketi pale wakichonga zana zao kabla ya kilimo na kabla ya chuma.

Ndipo msichana mmoja akainua mkono. Sitamtaja jina, lakini swali lake ninalikumbuka neno kwa neno.

"Mwalimu, sisi nyumbani tunasoma kwa koroboi. Mawe haya yamekaa hapa maelfu ya miaka. Kwa nini sisi tuyasubiri mawe?"

Wenzake walinyamaza, nami pia. Lilikuwa swali la haki. Mtoto anayesoma kwa moshi wa koroboi ana madai makubwa kuliko kibanzi cha jiwe, na mwalimu anayejifanya haoni hivyo hastahili kusikilizwa. Mtaalamu ndiye aliyejibu.

"Binti yangu, hakuna anayetusubiri," alisema. "Kazi yetu hapa ni ya siku tisa. Wapimaji bado wanapima, na wathamini bado wanahesabu migomba na mibuni ya watu. Mjenzi hajafika. Ukisikia kwamba wanaakiolojia wameuchelewesha mradi, uliza waliitwa lini. Mara nyingi utakuta waliitwa baada ya tingatinga kufika."

Kisha akatufundisha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nilipokuwa kibarua. Barabara hufukua kila hatua ya njia yake, na bwawa huzamisha bonde zima. Njia ya umeme hugusa ardhi mahali pachache tu: kwenye miguu ya minara, na kwenye barabara ndogo za kupitishia vifaa. Katikati hupita hewani. Kwa hiyo kati ya miradi yote mikubwa, huu ndio ulio rahisi kuyaepuka mambo ya kale, mradi yajulikane mapema. Mnara mmoja husogezwa mita chache, na nyaya hupita juu ya historia bila kuigusa. Ndivyo ilivyokuwa pale. Kigingi kiling'olewa kikapigwa hatua kama 30 mbele, na sehemu kubwa ya mahali pale bado imelala chini, salama, ikisubiri watakaokuja na vifaa bora kuliko vya leo.

Nilipokuwa njiani kurudi shuleni ilinibidi nimweleze msichana yule jambo jingine, na hilo lilimuumiza kuliko mawe. Njia ile ya msongo mkubwa isingewasha taa ya kwao. Umeme wa kilovoti nyingi hupita juu ya vijiji kama ndege ya abiria. Hushuka tu kwenye kituo cha kupozea umeme, kisha huletwa majumbani kwa nguzo na nyaya ndogo. Kijiji kinaweza kutoa ardhi yake kwa minara kikabaki gizani. Akaniuliza, "Sasa hilo tunamwuliza nani?" Nikafurahi, kwa sababu hapo ndipo somo la uraia lilipoanza.

Wajibu wetu sisi wananchi

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls, tuliitalo leo Nalubaale, lilifunguliwa Jinja, na mwaka huohuo makumbusho yetu yakapata jengo lake la Kitante. Tangu hapo umeme umekua mno. Bujagali ilizinduliwa mwaka 2012 ikiwa na uwezo wa megawati 250, na Karuma mwaka 2024 ikiwa na megawati 600. Njia ya kilovoti 400 kutoka Karuma hadi Kawanda ina urefu wa karibu kilomita 250. Fanyeni hesabu: tukichukua mnara mmoja kila mita 400, tunapata minara zaidi ya 600, yaani mashimo yapatayo 2,500, kwa njia moja tu. Katika nchi yenye Ntusi, Bigo bya Mugenyi, michoro ya miambani ya Nyero na zana za mawe za Sango Bay, ni vigumu kuamini kwamba mashimo yote hayo huangukia udongo mtupu.

Sheria hazikosekani. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika lengo la 25 miongoni mwa malengo ya taifa, inaitaka dola pamoja na raia kuhifadhi na kulinda mali ya umma na urithi wa Uganda. Angalieni hilo neno raia. Limewekwa pale kwa makusudi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2019 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Sheria ya makumbusho na mahali pa kumbukumbu ya mwaka 2023 imechukua nafasi ya ile ya mwaka 1967, na tayari ile ya 1967 ilimtaka anayegundua kitu cha kale akitolee taarifa na kukilinda. Kwa maneno mengine, nilipokuwa nimesimama katika shimo lile nikiwa na miaka 19, sheria ilikuwa na umri zaidi ya mara mbili ya wangu. Tulikuwa watu wanane pale, tukimhesabu nyapara, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia.

Ndiyo maana nawaandikia. Mradi ukija kwenu, kutakuwa na mkutano wa kijiji. Wazazi wenu watauliza juu ya fidia ya mibuni na migomba, nao wana haki. Watauliza juu ya makaburi, nao wana haki. Nyinyi mlioenda shule ongezeni maswali mawili. Mahali minara itakapokaa pamepitiwa na mwanaakiolojia? Na kibarua akikuta kitu shimoni, amwambie nani, na kazi itasimamishwa na nani? Kaburi la babu lina wenyewe wanaolijua na kulidai. Chungu cha miaka 2,000 hakina mtu wa kukidai mkutanoni, kwa hiyo ni lazima tukidai sisi.

Na ukijikuta wewe ndiye uliye shimoni, fanya mambo haya. Simama. Usikitoe kitu mahali kilipo, hata kama ni kizuri. Kipige picha ukiweka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Kifunike kwa udongo au turubai, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji na afisa wa utamaduni wa wilaya, nao wawasiliane na makumbusho. Usikiuze. Zaidi ya yote, usifanye nilivyofanya mimi, yaani kuchukua kimoja na kudhani umekiokoa.

Nikienda kusalimia nyumbani, basi hupita chini ya zile nyaya. Huhesabu minara kutoka barabarani: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Umeme unaopita pale siuchukii hata kidogo. Huenda ndio unaoiwasha taa ya chumba cha upasuaji mahali fulani, na ndio unaoniwezesha kuwaandikia usiku huu. Jjajja alifariki kabla kijiji chetu hakijaunganishiwa umeme. Yule nyapara simlaumu sana siku hizi; naye alikuwa na mtu aliyempa daftari bila kumwambia habari za vyungu.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Mwulizeni mzee mmoja wa kwenu ni wapi kijijini watu wakilima au wakichimba choo huibua vigae, mavi ya chuma au mawe yaliyochongwa. Andikeni aya mbili kwa Kiswahili sanifu mkieleza mahali hapo, jina lake, na yale mzee aliyowaambia. Msichimbe. Leteni daftari Jumatatu. Kigae changu nitakiweka juu ya meza, na kila mmoja wenu atapata nafasi ya kutia kidole gumba chake katika kile kibonyeo.